Gofu Nililolikarabati

Mwaka jana nilitengeneza gofu mpaka likawa nyumba, na kosa hilo sina wa kumsukumia. Sikuwa na homa, sikuwa nimekula kitu kibaya, wala hakuna aliyenituma. Nililetewa ngome ya Welisi iliyobomoka kwa heshima zake zote, ngome ya kuwekwa mezani, ya plasta na vijiwe, kazi ya mikono ya marehemu mume wa mtu. Nikaiziba nyufa, nikaiinua kuta, nikaiezeka mabati na kuitia nondo madirishani. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni, nikajisifu kwa sauti.

Na mimi ni mtu wa Tanga. Magofu ya Tongoni yako pale, mwendo mfupi tu kutoka mjini, na sijasikia hata siku moja mtu akipeleka saruji kuyamalizia. Ila sikuyaona. Shule ilipotupeleka, nikiwa kidato cha pili, nilisema tumbo linaniuma, nikabaki nyumbani nikala viazi karai vya dada yangu. Ndiyo tabia yangu mpaka leo. Jambo likitaka nivae viatu, nalifikiria mara mbili, na mara ya pili huwa nimeshalala.

Naishi Bellevue, kwenye nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Watu wanashangaa mtu asiyependa kutoka alifikaje Johannesburg. Nilitoka mara moja tu, nikatoka sana, ikatosha. Chumba changu ndicho kinachopakana na baraza ya mbele, na kwenye baraza hiyo natengeneza vitu: viti, feni, masanduku ya safari, miguu ya meza. Upande wa pili wa baraza yuko jirani yangu, msusi Mkongomani wa Lubumbashi, ambaye anasuka vichwa vya watu huku mdomo wake ukinisuka mimi.

Mwenye ngome alikuwa bibi mmoja wa kizungu, mjane, mitaa miwili kutoka kwetu, mmoja wa wale wachache ambao hawakuhama wenzao walipohama. Mtaa mzima tulimwita Gogo, kama bibi anavyoitwa kwa Kizulu, naye aliitika. Alizaliwa Welisi, nchi ndogo ya milima iliyobanwa ubavuni mwa Uingereza, na ukitaka akukasirikie siku nzima mwite Mwingereza. Alikuja kwa miguu, na fimbo yake, kuniomba niende kwake nikamtengenezee kitu.

Nikamwambia, "Gogo, vyombo vyangu vyote viko hapa."

Vyombo vyangu vyote vinaenea kwenye ndoo moja. Lakini ndivyo nilivyosema, na kwa ajili ya uvivu huo ngome ikapandishwa kwenye mkokoteni wa mwokota vyuma chakavu, ikapita robot, zile taa za barabara kuu, magari yakiisubiri, ikanifuata nyumbani. Kama ningekwenda mimi, ningeiona picha iliyotundikwa ukutani kwake, na haya yote yasingetokea.

Alinionyesha kipande kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa ncha ya mnara, iliyokatika kabati lilipogongwa wakati wa kufunga mizigo. Alitaka kirudi mahali pake, basi. Alieleza vizuri, nina hakika alieleza vizuri, ila mimi nina ugonjwa wa kuitikia kabla mtu hajamaliza.

"Sharp, Gogo. Usijali, Gogo. Niachie mimi."

Akaenda zake Durban wiki mbili, kutazama chumba atakachohamia, karibu na mpwa wake.

Ile ncha niliibandika kwa dakika kumi. Shida ilianza dakika ya kumi na moja, nilipopata nafasi ya kuitazama kazi nzima. Ubao wa chini ulikuwa mkubwa kama nusu mlango. Juu yake kilima cha mawe, na juu ya kilima hiyo ngome. Mnara mmoja una ufa kutoka juu hadi chini. Pembe zimeliwa. Ukuta wa kaskazini una pengo katikati kama jino lililong'oka. Paa hakuna kabisa. Nikajisemea: maskini, yule mzee alifariki kabla ya kumaliza. Huruma ikanijaa, na huruma ya fundi asiye na kazi nyingi ni kitu cha kuogopa.

Jirani naye hakunisaidia. Alikuwa anasuka mteja, akaniuliza bila kugeuka, "Papa Fundi, hii nyumba iko ya nani?"

"Si nyumba, mama. Ni ngome ya mfalme."

"Mfalme gani analala bila paa? Mvua ikinyesha anaenda wapi?"

Yule mteja akacheka. Nikaona hata mgeni ameiona kasoro. Kesho yake nikaanza.

Kuta nilizijenga kwa vijiwe nilivyovichekecha kwenye mchanga wa ujenzi, nikavishika kwa gundi ya vigae, ile ambayo ikikauka hata aliyeitengeneza hana la kuifanya. Paa nililifanya kwa makopo ya nyanya. Ukilikata kopo la nyanya ukalinyoosha, ile mistari yake ni mabati matupu, na nilipoyapaka rangi ya kijani ngome ikawa haina tofauti na nyumba yoyote ya mtaa wetu. Milango nikaiwekea bawaba. Madirisha nikayatia nondo za waya, moja moja, kwa koleo. Juu ya ukuta nikapanga miba ya chuma ya kuzuia wezi. Siku kumi na mbili sikutoka hata kwenda spaza, kiduka cha mtaani. Nilimtuma jirani mkate.

Siku ya mwisho alikuja, akaizunguka, akapiga makofi mara moja. "Voilà. Sasa njo nyumba. Mimi nitapanga chumba cha juu."

Ubao ulihitaji watu wawili, kwa hiyo Jumatatu Gogo aliporudi tuliubeba sisi, mimi mbele na jirani nyuma. Nyumba yake ilikuwa imebaki maboksi na kettle. Tukaiweka ngome mezani jikoni. Nikaifunua shuka kama mtu anayemfunua bibi harusi.

Gogo alitazama kwa muda mrefu. Alivaa miwani, akatazama tena.

"Nani amehamia humu?" akauliza.

Nikadhani ni sifa. Nikamweleza habari za mabati, nikamfungulia mlango mdogo nikaufunga. Aliponyoosha kidole kwenye nondo nikamwambia, "Gogo, hii ni Johannesburg."

Akakaa juu ya boksi. "Ilikuwa imekwisha," alisema. "Mume wangu aliimaliza. Ilimchukua miaka sita."

Ndipo nilipoiona picha ukutani. Kilima kilekile, mnara uleule wenye ufa, pembe zilezile zilizoliwa. Jirani aliiona kabla yangu. Nilisikia pumzi ikimtoka puani, ile ya mtu anayejizuia asicheke msibani.

Gogo akaeleza polepole, kama kwa mtoto. Mumewe alikuwa mpimaji wa migodini, aliletwa na kazi ya dhahabu. Ngome hiyo iko juu ya kijiji walikozaliwa wote wawili, na imebomoka tangu mababu wa mababu zao. Kila likizo aliyokwenda aliipima kwa futi kamba, ufa kwa ufa, watalii wakimshangaa. "Mimi nilikaa mbali," alisema Gogo, "nikajifanya simjui." Sasa ametazama chumba chake cha Durban. Kinaenea kitanda, kiti na meza moja. Meza ni ya ngome. Welisi hatarudi tena, miguu imekataa. Lori linakuja Jumamosi.

"Basi nitaivunja, Gogo," nikasema kwa uchangamfu wa mtu aliyekosa pa kuuweka uso. "Leo hii hii."

"Hutaivunja. Utaibomoa ilivyobomoka. Kila siku saa tatu asubuhi, hapa, mimi nikiona."

Njiani jirani alilia kwa kicheko mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara. Kilichomfurahisha zaidi si ngome. Ni kwamba nitavaa viatu siku tano mfululizo.

Jumanne nilifika saa tatu kasoro, na nyundo. Tulianza na paa kwa sababu lilinitia aibu zaidi. Gogo alikaa kwenye kiti chake kimoja kilichobaki, chai mkononi, akasimamia kama nyapara. Alisema paa la kweli lilikuwa la mbao na risasi, hii risasi ya chuma laini kinachoyeyuka, na ndicho kitu cha kwanza kilichoibwa ngome ilipoachwa wazi. Watu walipanda, wakaibandua, wakaiyeyusha, wakauza.

Hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Nimewahi kufanya kazi Marshalltown, katikati ya jiji, nikalinda jengo lililohamwa na maofisi. Asubuhi ya kwanza lilikuwa na mabomba ya shaba, wiki ya pili halikuwa nayo, na mimi niko mlangoni nikisema usiku kucha sikusikia kitu.

"Kwa hiyo huko nako kulikuwa na wauza vyuma chakavu," nikasema.

"Waliojenga walikuwa wachache," akasema Gogo. "Waliobeba ni wengi."

Baada ya paa nikageukia pembe. Nikapiga nyundo, kona ikakatika safi kama keki. Gogo akatikisa kichwa.

"Hivyo ni kubomoa kwa manispaa. Hiyo imekaa imenyooka. Nani aliyeichukua hiyo?"

"Mimi, Gogo."

"Hapana. Ni wanakijiji."

Hapo ndipo nilipoelewa mchezo. Katika ngome ile hakuna tundu lisilo na mwenyewe. Jiwe la pembeni limechongwa pande mbili, kwa hiyo mwenye shida ya jiwe zuri anaanza pembeni, tena chini, mahali anapofika bila ngazi. Ndiyo maana pembe zimeliwa kwa chini na juu zinaning'inia. Mawe hayo yalikwenda kwenye kanisa, kwenye kuta za malisho ya kondoo, na moja lenye ua lililochongwa lilikuwa kwenye banda la nguruwe la babu yake Gogo. Mimi na nguruwe hatuna ushirika, lakini niliwaonea wivu kidogo kwa kulala kifalme.

Mnara wenye ufa ulituchukulia Jumatano nzima. Umbo lake ni la herufi D, mgongo wa duara ukiangalia bonde, na Gogo alitaka nijue kwamba Waingereza hawakujenga vile. Vile walijenga Wawelisi wenyewe. Aliyeujenga alikuwa mwana wa mfalme wa milimani, zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Kwao baba akifa ardhi inagawanywa kwa wana wote, kwa hiyo kila ndugu alijenga ngome ya kumtazama nduguye. Nikamwambia kwetu Tanga tunagawana nyumba ya baba vilevile, na tunatazamana vilevile, ila tunatumia wapangaji. Halafu akaja mfalme wa Waingereza na jeshi. Ngome ilikuwa na kisima, chakula, na mwamba pande tatu, lakini lango lilifunguliwa kutoka ndani.

"Walilipwa?" nikauliza.

"Kijijini kwetu tunasema walilipwa. Tunajua ni ukoo gani. Hatununui mkate kwao."

Ufa wenyewe haukuletwa na vita. Waingereza walikaa, wakajaribu kuweka mji pale, mji ukawashinda kwa mvua na baridi. Baadaye Wawelisi wakaasi wakaichoma moto, na mnara uliopikwa vile ukapasuka kwenye baridi za miaka iliyofuata. Kwa hiyo niliambiwa nisipige nyundo, nikwaruze kwa msumari kutoka juu, na kingo za ndani nizipake wekundu hafifu, kwa sababu jiwe lililoungua linabaki na rangi. Nilichanganya rangi hiyo kwa majani ya chai na udongo wa bustanini. Gogo alisogeza miwani, akasema, "Hapo umeungua vizuri." Nakiri nilitembea kurudi nyumbani nikijiona mtu.

Kufikia Alhamisi mchana mabati, nondo, miba, milango na pembe vilikuwa vimeondoka, na ngome ilikuwa imebomoka kwa kupendeza. Kulibaki ukuta wa kaskazini, ambao pengo lake nilikuwa nimelijaza kwa kazi yangu bora kuliko zote. Nikauliza kama desturi: "Na hapa, Gogo, ni mwizi gani?"

Gogo akainuka, akafungua boksi alilokuwa amelifunga, akapekua, akatoa picha ndogo ya zamani. Kijana na msichana wamekaa kwenye pengo la ukuta, miguu inaning'inia, bega kwa bega. Kijana anacheka. Msichana amenuna.

"Huyu ni wewe?"

"Alikuwa ametoka kuniambia kwamba amepata kazi Johannesburg. Nikamwambia aende zake."

"Halafu?"

"Halafu niko hapa."

Akanywa chai iliyopoa. Kisha akasema kwamba mumewe alianza kuijenga ngome hiyo kwenye pengo lile, kwanza kabisa, kwa kipimo, na kuta nyingine zote alizileta kuja kukutana nalo. Jioni za mwisho za maisha yake alikuwa akikaa mbele ya ubao, anapitisha kidole pale.

Nilitamani nirudi nyumbani nikajifungie. Pengo lile nililiziba siku moja baada ya chakula cha mchana, nikiimba.

Nikajaribu nyundo kidogo. Gundi ya vigae haikusikia. Nikapiga zaidi kidogo, na ufa mwembamba ukaanza kutembea, si kwenye jiwe langu, kwenye jiwe la mzee. Nikaacha pale pale. Gogo aliuona ufa ule. Angenigombeza ningefurahi zaidi.

Jana yake nilikuwa najiona mtu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikakaa barazani na jirani akaniuliza mara mbili kama kuna msiba. Nilimweleza. Aliacha kusuka.

"Hiyo gundi kali hautaishinda na nguvu, Papa Fundi. Nywele ya bandia ikishikana na nywele ya mutu, mimi sivuti. Ninakata pole pole, uzi kwa uzi, mafuta kidogo. Ukivuta, unatoka na ngozi."

Akaniazima sindano yake ndefu ya kushonea nywele na wembe mpya. Ijumaa nilifika saa mbili, Gogo bado amevaa gauni la nyumbani. Nilikata mstari wa gundi kati ya kila jiwe langu na jiwe la mzee, kwa wembe, kwa tone la mafuta, nikilichomoa kwa sindano, nikiweka picha mbele yangu imeegemea kettle. Nilikuwa nahesabu kwa kuangalia makalio ya vijana wawili waliokaa bila kuacha nafasi, kazi ambayo Tanga isingenifaa kuisimulia. Kijiwe cha mwisho kilitoka karibu na adhuhuri, muadhini wa msikiti wa Mayfair, ambako huwa nasema kila wiki kwamba nitakwenda kuswali Ijumaa, akiwa hana habari nami. Ukuta ulibaki umesimama. Ule ufa nao ulibaki. Niliukiri, nikasema naweza kuuziba.

"Usizibe kitu chochote," alisema Gogo upesi kuliko nilivyowahi kumsikia.

Akaja mezani. Akaweka vidole viwili ndani ya pengo, cha shahada na cha kati, vimelala pamoja. Vikaenea. Akavisogeza kushoto kidogo, akavirudisha, akaviacha hapo. Mimi nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi lori lilifika mapema. Tuliubeba ubao mimi na jirani, nikauzungushia mablanketi, nikamwonya dereva mpaka akachoka nami. Nilimwambia Gogo ile ncha ya mnara, ile kazi ya dakika kumi, haitatoka kamwe. Alisema anaamini. Kwenye mkoba wake alikuwa ameweka kipande kimoja cha paa langu la kijani. Alisema mpwa wake hatamwamini bila ushahidi. Akapanda mbele. Alikataa kutupungia mkono, aligeuka tu kuangalia nyuma kama mablanketi hayajateleza, na lori likakata kona.

Nilibaki pale barabarani, nimevaa viatu, nikiwa na uzito fulani kifuani na fahari fulani pia, nikingoja mtu aniambie neno zuri. Jirani alipangusa mikono kwenye kanga.

"Papa Fundi," akasema, "kwa ule bibi umepiga na kukata siku nne njo ukuta uanguke. Rafu uliyonitengenezea mimi mu jikoni imeanguka leo asubuhi, hakuna mutu aliigusa."